Mzigo Uliobaki Darajani

Shemeji yangu hupima madaraja. Kazi yenyewe haina maajabu. Malori manne yaliyojaa mchanga yanaegeshwa katikati ya daraja, naye anakaa chini ya daraja na kipimo chake cha sindano, anasoma limebonyea milimita ngapi. Malori yakiondoka, daraja lazima liinuke lirudi lilipokuwa. Lisiporudi, halifai.

Siku moja mume wangu, ambaye ni mdogo wake, ndiye aliyekuwa juu akiongoza malori. Asubuhi nilimtania kwamba kwa anavyokula, angepanda yeye tu, malori ya nini. Alicheka, akaondoka.

Malori yalipanda. Sindano ikasoma tisa. Malori yakashuka, na sindano ikabaki palepale kwenye tisa.

Shemeji akakigonga kipimo kwa ukucha. Akafunga kingine. Tisa. Akanong'ona kwenye redio, "Nani kabaki huko juu?"

"Hakuna mtu, kaka. Niko mwanzoni mwa daraja, peke yangu."

Sindano ikasogea. Kumi. Kumi na moja. Ilikuwa saa sita mchana, na daraja lilikuwa tupu.

Hapo ndipo shemeji alipokosea, na sijui kama nitamsamehe. Alisema, "Hebu nenda mpaka katikati, uniangalizie kuna nini."

Mume wangu akaenda. Alipofika katikati, sindano ikaruka hadi sifuri. Shemeji akashusha pumzi, akaandika kwamba daraja ni salama.

Mume wangu alirudi nyumbani akiburuta miguu. "Mgongo tu," aliniambia. Mizani ya zahanati ilisoma kilo sabini na mbili, zilezile za siku zote. Lakini viti vilivunjika chini yake, na miguu ya kitanda chetu ikaanza kuzama kwenye sakafu ya saruji.

Wiki ya pili hakuweza kuinua hata mkono. Wanaume sita walijaribu kumgeuza wakashindwa. Mimi nilimfuta jasho, maana sikuwa na lingine la kufanya.

"Niondolee, mke wangu," alininong'oneza. "Kakaa kifuani."

Nilipapasa. Palikuwa na shati tu.

Alifariki Alhamisi. Pumzi ilipokatika, mwili ukawa mwepesi; tulimwinua watu wawili. Kitanda nacho tulikitoa siku hiyohiyo, na chumba tukakideki.

Jana mwanangu wa miaka miwili alikuwa akicheza pale kilipokuwa kitanda. Nikainama nimbebe.

Sikuweza.