Ubani wa Gitaa la Makungu

Jua lilikuwa linatua tulipofika Makunduchi, mie na kaka yangu Simai, kuazima gitaa. Njia nzima nilikuwa nnamgombeza. Bendi yetu pale Amani kazi yake ni kuiga nyimbo za marehemu Makungu. Mie naimba, Simai anapiga gitaa. Sasa kaka kajitia kichwani kuwa muigaji wa kweli lazima ashike gitaa lile lile alilopiga mwenyewe.

"Watu wanakuja kucheza, Simai. Nani atakukagua gitaa?"

"Sauti ile haitoki pengine, Yusra. Kwetu haitoki."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Bi Mwanakheir, mjane wa Makungu, alilitoa gitaa limefungwa kanga. Tukamwamkia, akaitikia marahaba bila kututazama. Akawasha chetezo, akalipitisha gitaa juu ya moshi wa ubani, midomo inamcheza.

"Kila mkitaka kulipiga, lifukizeni kwanza," alisema. "Mpeni marehemu ubani wake, atajua mnaazima. Msipompa..."

"Tusipompa, bibi?"

"Atakuja kulipiga mwenyewe."

Mie nilirudi nyuma hatua. Simai keshalikumbatia zamani.

Jioni ya pili tulikuwa Kiwengwa, tunapiga hotelini. Nimetoa chetezo tu, meneja, Anuar, akaja mbio. "Hapa moshi hapana! King'ora kikilia wageni wote wako nje!"

"Basi chukua gitaa lako," nilimwambia Simai. "Limo garini. Nakuomba, kaka."

Akacheka. Akaazima mrashi wa mama mmoja wa jikoni, akalinyunyizia gitaa marashi ya mawaridi. "Harufu ni harufu, Yusra. Atajuaje?"

Jamani! Mtu mzima na ndevu zake!

Sitosema uongo, wimbo wa kwanza ulikuwa mtamu. Nyuzi zililia mpaka nikasahau maneno. Nikajisemea, labda kaka ana haki.

Wimbo wa pili, nikasikia harufu.

Si mawaridi. Ubani...

Hapakuwa na moto popote. Nikageuka. Simai kafumba macho, jasho linamtiririka. Polepole akaligeuza gitaa, akaanza kulipiga kwa mkono wa kushoto.

Kaka yangu hana shoto. Makungu ndiye aliyekuwa nayo.

Vidole vilianza kutoka damu. Wageni wakapiga makofi, wakadhani ni mbwembwe za mchezo. Nikainama kama nacheza, nikamnong'oneza, "Simai, acha. Simai, mie Yusra."

Akazidi kupiga.

Nikachomoa waya.

Gitaa halikunyamaza.

Tulimvuta watu wanne mpaka garini, na gitaa la Makungu mikononi, maana vidole havikufunguka. Hospitali sikwenda, daktari angempa nini? Nikamwambia dereva, Makunduchi, upesi! Njia nzima nasoma kila aya ninayoijua na kulia, Yarabi nirudishie kaka yangu, na yeye ananong'ona nyimbo ambazo bendi yetu haijawahi kuzipiga.

Sikubisha hodi. Mlango ulikuwa wazi.

Bi Mwanakheir kavaa nguo ya harusini. Asumini kichwani, wanja machoni, na buli la kahawa linafuka juu ya mkeka. Vikombe viwili.

"Bibi, mtoe!" Nilianguka miguuni pake. "Nakupa chochote. Tumekosea, tumfukizie sasa hivi!"

Akamsogelea kaka yangu, akamfuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Makungu," aliita.

"Naam," akaitika Simai.

Vidole vikafunguka vyenyewe. Akaliweka gitaa, akakaa mkekani, akapokea kikombe.

"Mrudishe kaka yangu!" nilipiga kelele.

Akanitazama Bi Mwanakheir, machozi yanampitia kwenye wanja. "Na wangu mie, nani alinirudishia?"

Alijua kama hotelini hawataki moshi? Mpaka leo sijui. Nimepeleka masheikh, nimepeleka waganga. Wote wametoka pale wameinamisha vichwa, hakuna anayeniambia alichokiona.

Kila siku mama ananiuliza Simai yuko wapi. Nimwambie nini? Mzima wa afya. Kanenepa hata. Nami bado nakwenda Makunduchi, siwezi kuacha. Hunifungulia kaka mwenyewe, kwa adabu zote, akanikaribisha kahawa. Kisha hunitazama sana usoni, akaniuliza kwa upole:

"Weye mtoto wa nani?"