Kisima cha Kamba Fupi

Alfajiri ya Kariakoo ilianza kwa kelele za madebe. Soko lilikuwa bado limefungwa, lakini wanawake wa mtaa wa Msimbazi walikuwa wamekwisha kujipanga bombani. Enzi hizo za Mwingereza bomba lilikuwa moja, na madebe hayahesabiki.

"Sogeza debe lako, bibi! Bomba la baba yako hili?"

"Lingekuwa la baba yangu, wewe ungekunywa umande!"

Mwanamkuu alicheka pamoja na wenziwe, lakini shingo ilimwuma. Alikuwa amesimama tangu adhana. Siku ambazo foleni ilimshinda alirudi nyumbani, akachota maji kwenye kisima cha uani. Wapangaji wote wa nyumba ile walikitumia.

Walikaa chumba kimoja, yeye, mumewe Mbaruku na binti yao Mauza, mwenye miaka mitano. Mbaruku alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu barazani kwa Tulsidas, Mhindi mwuza nguo. Zamani katika chumba kile walikuwa wanne. Masika ya mwaka juzi mtoto wao wa kwanza, Hind, alishikwa na tumbo la kuhara. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili hakuwa na nguvu ya kulia. Siku ya tatu walimzika. Naye alikuwa na miaka mitano.

Majirani walisema ni jicho baya. Mwanamkuu hakubisha, maana hakuwa na neno jingine la kuweka mahali pake. Ila tangu siku ile, mawingu ya masika yakianza kukusanyika, mkono wake haukutoka tumboni kwa Mauza. Alipapasa kama mtu anayesikiliza mlango.

Siku moja mwenye nyumba, mzee Muhiddin, alimwita Mbaruku.

"Mwanangu, vijana wangu wawili wanaoa. Nahitaji vyumba. Sikufukuzi, lakini masika yasikukute hapa."

"Nimesikia, mzee. Shukrani kwa kunipa nafasi ya kujipanga."

Mbaruku alikuwa amekusanya boriti, fito na makuti kwa miaka sita. Vilitosha nyumba moja. Jioni, wakila muhogo kwa dagaa, alimwambia mkewe:

"Nyumba moja tu, Mwanamkuu. Tukikosea mahali, hatuna ya pili. Sema wewe, twende wapi?"

"Magomeni je?"

"Magomeni ni ng'ambo ya bonde. Mvua ikinyesha sana njia inakatika. Nitavukaje kuja kazini? Nikae huko nishone majani ya migomba?"

"Ilala?"

"Ilala serikali inapima viwanja. Ni juu, pakavu. Lakini hatuna mtu huko. Bondeni yuko dada yangu Zeina. Ukiugua nani atakupikia uji? Nikifa nani atakuja kulia?"

Lilikuwa swali zito. Mwanamkuu alisema, "Nitakwenda kuona kote kwa macho yangu."

Alianza na Ilala. Jua lilikuwa kali, miti michache, nyumba zikiwa mbalimbali. Alimkuta mwanamke akivuta maji kisimani. Kamba ilikuja, ikaja, ikaja. Mwanamkuu alihesabu pima saba, kila pima urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kabla ndoo haijaonekana.

"Shoga, mikono haikuumi?"

"Inaniuma. Lakini nimeshazoea," mwanamke yule alijibu, akacheka.

Mwanamkuu alitazama viganja vyake mwenyewe, akaaga, akaondoka.

Kesho yake alishuka bonde la Msimbazi, kwenye shamba la minazi la Bwana Suud. Bwana Suud alikuwa Mwarabu mwenye duka la nafaka, na aliruhusu watu wajenge chini ya minazi yake. Kulikuwa na majani mabichi na ubaridi. Zeina alimpokea kwa kelele.

"Wifi yangu! Karibu peponi! Njoo uone, huku hatuchoti maji kitumwa."

Akaketi kitako kando ya kisima chake. Akatumbukiza kibuyu kilichofungwa kamba isiyofika hata pima moja, akakitoa kimejaa. Hakuinuka wala hakutoka jasho.

"Umeona? Maji yenyewe yanakuja kuniamkia!"

Mwanamkuu alikunywa. Maji yalikuwa baridi. Kiwanja kilichokuwa wazi kilipakana na cha Zeina, mpaka ukiwa hatua sita tu kutoka kisimani. Hakuhitaji kutazama zaidi. Jioni alimwambia mumewe, "Bondeni."

Mbaruku alifurahi. Siku chache baadaye boriti zote zilishushwa bondeni kwa mkokoteni.

Desturi ya wajenzi ni kuchimba choo kwanza, ili mafundi wapate pa kujisitiri. Mbaruku alimtafuta Mwinyimvua, mchimba vyoo. Mtu huyu alikuwa amechimba mashimo ya mji kwa miaka ishirini, na kwa muda aliwafanyia kazi watu wa afya wa serikali. Watu hawakupenda kumpa mkono, ingawa walimhitaji wote.

Zeina alipomwona alipiga ukelele. "Hewaa! Bwana Harufu kaja na jembe lake! Funikeni vyungu!"

"Marahaba, bibi," alijibu Mwinyimvua, ingawa hakuamkiwa.

Alichimba karibu na mpaka, upande wa kisima cha Zeina. Shimo lilipofika kifuani, alisimama. Miguu yake ilikuwa imezama katika maji ya matope. Akatupa jembe nje, akapanda juu.

"Mbona umeacha?" aliuliza Mbaruku.

"Shimo limekwisha."

"Limekwisha? Halijafika hata urefu wangu!"

"Bwana, shimo la choo linatakiwa liwe kavu chini. Hili lina maji tayari. Na maji haya ndiyo yale yale anayokunywa dada yako."

Zeina aliruka. "Ulaaniwe! Maji yangu ni ya kisimani, na hilo ni shimo la choo! Vitu viwili!"

"Juu ni viwili, bibi. Chini ni kimoja. Maji ya ardhini hayalali, yanatembea. Na kinyesi cha binadamu kina ugonjwa ndani yake usioonekana kwa macho. Mahali palipo juu, uchafu hupita katika udongo mkavu mwingi, na udongo huuchuja kama chujio la tui. Hapa udongo mkavu hakuna. Uchafu ukitoka chooni unaingia majini moja kwa moja."

"Maneno," alisema Mbaruku. "Umechoka kuchimba, sema umechoka."

Mwanamkuu alikuwa amekuja na Mauza kutazama. Hakutaka mtu huyu awe mkweli. Alikitaka kisima kile. Lakini neno moja halikumtoka kichwani.

"Ugonjwa gani, kaka?" aliuliza.

"Wa tumbo, bibi. Kuhara. Unawaonea zaidi watoto."

Mwanamkuu alimshika Mauza bega.

"Utajuaje kama ni kweli?" aliuliza. "Huwezi kuyaona maji yakitembea."

Mwinyimvua alifikiri. "Kuyaona siwezi. Kuyaonja twaweza. Shimo hili ni jipya, halijatumiwa na mtu. Nitaleta chumvi iliyobaki kwa watu wa ng'onda, wale wakausha samaki, nusu gunia. Tutaimwaga humu. Bibi Zeina aendelee kuchota kama kawaida. Baada ya siku chache atatuambia."

Zeina alicheka hata akajifuta machozi. "Imwage! Imwage gunia zima! Nikipata chumvi kisimani mwangu nitafungua duka!"

Chumvi ilimwagwa. Ilipotea ndani ya maji ya matope, wala hakuna aliyeona kitu.

Siku moja ikapita, ya pili ikapita, na ya tatu. Siku ya nne alasiri, Mwanamkuu alikuwa akichambua mchele uani Kariakoo. Akasikia hodi. Alikuwa Zeina. Hakuwa na kicheko. Mkononi alikuwa na chupa iliyozibwa kwa kitambaa.

"Karibu, wifi. Kuna nini?"

Zeina alichukua kikombe. Alizibua chupa, akamimina chai kikombeni.

"Onja."

Mwanamkuu alionja. Chai ilikuwa na sukari, lakini chini ya sukari kulikuwa na chumvi.

"Asubuhi nilimpiga mwanangu," alisema Zeina kwa sauti ndogo. "Nikasema yeye ndiye kaniharibia chai. Nikapika nyingine. Nikaonja. Wifi, nilikaa chini." Aliziba chupa tena. "Choo changu mwenyewe kiko upande wa pili, hatua tano tu. Tangu lini tunakunywa?"

Mwanamkuu aliweka kikombe chini. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye kisima cha uani. Akageuka kuelekea choo cha nyumba. Alianza kutembea, akihesabu kwa sauti ya chini. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye hatua ya nane mguu wake uligusa ukuta wa choo.

Alisimama pale muda mrefu. Wapangaji walidhani anasubiri mtu atoke.

Jioni Mbaruku aliporudi alimkuta hajawasha moto.

"Hatujengi bondeni," alisema Mwanamkuu.

"Boriti ziko kule tayari. Bwana Suud nimempa ahadi. Na dada yangu je?"

"Dada yako ndiye aliyeileta habari. Mwulize."

"Wewe mwenyewe ulikipenda kisima kile!"

"Nilikipenda. Nilitazama mikono yangu, sikumtazama Mauza. Kosa ni langu na nimelikubali. Nawe usiongeze lako juu yake."

Mbaruku alitaka kubisha. Akautazama uso wa mkewe, akaketi. Baadaye aliuliza polepole, "Unadhani Hind…?"

Mwanamkuu alimvuta Mauza, akaweka mkono tumboni kwake.

Kesho yake walimwuliza Mwinyimvua. Mchimba vyoo alivua kofia yake.

"Sijui kilichomwua mtoto wenu," alisema. "Sikuwapo, wala mimi si tabibu. Sitasema nisichokijua. Ninalolijua ni la aliye hai. Mnataka niwafundishe hilo?"

"Tunataka," alisema Mwanamkuu.

Wakaenda Ilala, wote watatu, na Mauza mgongoni kwa baba yake. Walipata kiwanja kupitia bomani, kwa utaratibu wa serikali. Mwinyimvua hakugusa jembe mpaka alipolitazama eneo lote, akaona maji ya mvua yangeteremkia upande gani.

"Kisima kikae huku juu, choo kule chini," alisema. "Maji yakitembea yatoke kisimani kwenda chooni, yasije kinyume. Sasa Bibi Mwanamkuu, hesabu hatua thelathini. Usinipunje hata moja."

Mwanamkuu alihesabu mwenyewe. Shimo la choo lilichimbwa hapo alipofika. Lilipopita urefu wa mtu, Mwinyimvua alitupa juu konzi ya udongo wa chini kabisa. Ulikuwa mkavu, ukatawanyika kwa upepo.

"Hili ndilo shimo," alisema Mbaruku, na kwa mara ya kwanza alimpa mchimba vyoo mkono ili amvute juu.

Boriti zikapandishwa kutoka bondeni, nyumba ya vyumba viwili ikasimama, na kisima kikachimbwa pima saba. Kilizungushiwa ukingo wa mawe ili maji ya mvua yasiingie, kikawekewa mfuniko wa mbao na ndoo moja tu ya kuchotea. Mwinyimvua aliongeza neno: "Na bado, maji ya kunywa yachemsheni. Kisima kizuri ni mlango uliofungwa. Kuchemsha ni komeo lake."

Wiki za kwanza viganja vya Mwanamkuu vilipasuka. Alivipaka mafuta ya nazi, akavuta tena. Yule mwanamke aliyecheka siku ile akawa jirani yake, jina lake Mwanaidi. Mwanamkuu alipopata homa kidogo, Mwanaidi alileta uji kabla hajaombwa. Mbaruku alipouona uji ule alikumbuka swali lake la zamani.

Zeina naye, huko bondeni, alianza kuchemsha kila tone. Lakini masika yalipoingia hayakuuliza nani anachemsha. Maji yaliinuka kutoka chini, yakateremka kutoka juu, yakakutana sakafuni kwake. Vyoo vya bondeni vilifurika, visima vikafurika, yote yakawa ziwa moja. Asubuhi moja alionekana akipanda njia ya Ilala, mkeka kichwani, watoto wawili nyuma yake.

"Hodi, wifi," alisema. "Pepo imejaa maji."

Mwanamkuu alimpokea mkeka. "Ingia. Nawa mikono kwanza, wewe na watoto. Ndiyo kanuni ya nyumba hii."

"Umekuwa bwana afya siku hizi?"

"Nimekuwa."

Mume wa Zeina alifika jioni na vyombo, wakalala watu saba katika vyumba viwili. Mvua ilinyesha wiki sita. Kutoka bondeni zilikuja habari za misiba, mmoja, wa pili, wa tatu. Waliokufa karibu wote walikuwa watoto. Mwanamkuu alikwenda kwenye misiba ile, akakaa na akina mama. Hakuwaambia neno wakati wa kilio. Arobaini zilipopita alirudi kwa kila mmoja, akawaeleza habari ya chumvi. Wengine walimfukuza. Wengine walihesabu hatua.

Mvua zilikuwa zimekatika. Nyumbani kwake hakuna mtoto aliyekuwa ameugua tumbo. Zeina na mumewe walipata kiwanja safu ya pili. Mwinyimvua alikuja kuchimba, na Zeina alimkaribisha kwa chai yenye sukari tupu.

Asubuhi moja baada ya Idi, Mauza alikuja mbio kutoka uani, mkono mdomoni, macho yamemtoka.

"Mama! Mama, limetoka!"

Mwanamkuu aliacha ndoo. Mkono wake ulikwenda tumboni kwa mtoto. "Nini kimetoka? Wapi panauma?"

Mtoto akafungua kiganja. Palikuwa na jino dogo jeupe, na tone la damu.

Mwanamkuu alilichukua. Alikuwa mama kwa miaka mingi, lakini hakuwa amewahi kulishika jino la mtoto wake. Wa kwanza hakufika umri huo. Alilitazama hata Mauza akaogopa.

"Mama, ni vibaya?"

"Si vibaya, mwanangu. Ni umri." Akamrudishia. "Lirushe juu ya paa, uombe jipya."

Mauza alirudi nyuma, akajipinda, akalirusha kwa nguvu zake zote. Likapita juu ya makuti mapya, likaangukia upande wa pili, naye akakimbia kuzunguka nyumba kwenda kulitafuta alirushe tena.