Kicheko Kisicho cha Baba

Kila siku akitoka shule, Kijiko alipitia karakana kumlisha baba yake uji. Ndiyo maana mafundi walimpa jina hilo, naye akalizoea. Baba alikuwa seremala wa kutegemewa mpaka ugonjwa wa neva ulipomshika. Sasa mikono yake ilining'inia kama kamba na maneno yalimtoka kwa taabu, lakini bado aliketi kando ya msumeno wa umeme, akimwelekeza mdogo wake kazi kwa macho.

Mwezi uliopita Kijiko ndiye aliyempeleka kliniki, maana mama alikuwa zamu kiwandani.

"Sikiliza, mwanangu," muuguzi alimwambia. "Ugonjwa huu ukigusa ubongo, breki za kicheko na kilio zinaweza kukatika. Baba yako anaweza kucheka huku moyo unamuuma, au akawaka hasira kwa jambo dogo. Si kichaa wala si makusudi. Waambie wote, nyumbani na kazini. Na mama yako aje, kuna dawa ya kupunguza."

Kijiko hakumwambia mtu. Aliogopa watu wasije wakasema baba yake amerukwa na akili. Mama alipouliza, alijibu, "Wamesema tuendelee na dawa zilezile." Mama alikuwa hoi kwa uchovu, hakuuliza zaidi.

Basi siku moja baba mdogo alikuwa akipasua ubao. Alipomwona Kijiko na chupa ya uji, akageuza kichwa kumtania, "Na mimi leo nibakizie, au uji ni wa wakubwa tu?" Ubao ukaruka. Msumeno ukamwondoa kidole kimoja. Damu ikatapakaa kwenye mbao na kwenye sare ya Kijiko, na baba mdogo akapiga yowe.

Baba akacheka. Kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni, kisichokoma.

"Unanicheka?" baba mdogo aliuliza. "Kidole kimeondoka, kaka, nawe unanicheka?"

Kofi la kwanza lilimgeuza baba uso. La pili lilimpasua mdomo. Teke likaangusha kiti, na baba, asiye na mikono ya kujikinga, akagonga kichwa sakafuni. Damu ikamchirizika juu ya jicho. Bado alicheka. Baba mdogo akaokota nyundo kwa mkono uliobaki mzima.

"Mwaka mzima nakuogesha, nakubeba mgongoni. Leo utanyamaza."

Kijiko akajitupa juu ya baba yake. Teke jingine likampata yeye mbavuni, pumzi zikamkatika. Kwa ukaribu huo aliona vizuri: mdomo ulicheka, lakini macho yalibubujika machozi.

"Si yeye, baba mdogo," alisema kwa kwikwi. "Si yeye anayecheka. Ni ugonjwa. Muuguzi aliniambia."

Nyundo ilibaki hewani. "Alikuambia lini?"

"Mwezi uliopita."

"Nawe ukakaa kimya?"

Nyundo ikaanguka. Baba mdogo naye akaketi kwenye unga wa mbao, akalia kama mtoto.

Mama aliwakuta kliniki ileile, bado amevaa aproni ya kiwandani. Baba alikuwa ameshonwa nyuzi saba, baba mdogo amefungwa bendeji, Kijiko ameshika mbavu.

"Tazama benchi hili," mama alimwambia Kijiko. "Mgonjwa alikuwa mmoja, sasa mko watatu. Uliogopa maneno ya watu, ukamwacha baba yako apigwe kwa kosa asilolitenda. Habari ya ugonjwa haifichwi, mwanangu. Na mimi nilipaswa kuuliza zaidi." Kisha akamgeukia baba mdogo. "Na wewe shemeji, hasira zako hazina ugonjwa wa kusingizia."

"Nimekosa," baba mdogo alijibu, macho chini. "Nisamehe, kaka."

Muuguzi akamwandikia baba dawa, kisha akamwinamia. "Kicheko kikikujia bila kutaka, fumba macho. Tutajua."

Wiki tatu baadaye, baba mdogo alikuwa akihesabu mbao karakanani, mama na Kijiko wakimmiminia baba uji. "Kaka," alisema, "sasa nikifika kumi lazima niazime kidole."

Baba akacheka. Wote waligeuka kumtazama macho. Yalikuwa wazi, yameng'aa, yamemlenga mdogo wake.

"Hiki ni chake mwenyewe," mama alisema. "Haya Kijiko, mlishe kabla uji haujapoa."