Mawaridi Mbele ya Marehemu

Kila siku akitoka shule, binti aliyeitwa Kiherehere kwa utani alifagia duka la kuchapisha la shangazi yake. Siku hiyo shangazi aliingia chumba cha nyuma kusali. Binti akafungua picha ya waridi kwenye kompyuta, akabonyeza "Chapisha". Printa kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza weee, mpaka akachoka, akarudia ufagio wake.

Shangazi alipotoka tu, akaingia jirani yao seremala, macho mekundu.

"Mama watoto tunamzika leo, dada," alisema. "Picha yake ni hii tu, ndani ya simu. Watoto wanataka iwekwe juu ya jeneza. Gari linanisubiri."

"Pole sana, kaka. Wino umebaki kiduchu, lakini kwa picha moja utatosha."

Shangazi akaiwasha printa, akaituma picha kupitia kompyuta. Printa ikaunguruma, ikatoa waridi. Kisha waridi jingine.

"Nani kachapisha maua?"

"Sijui, shangazi. Labda mashine imeharibika."

Shangazi akaizima printa, akaiwasha. Waridi la tatu likatoka. Nje gari likapiga honi. Seremala akashika ukingo wa meza.

"Basi, dada. Nimzike hivyo hivyo."

Kiherehere akauachia ufagio. "Ni mimi, shangazi! Nilibonyeza mara nyingi!"

Shangazi akarudi kwenye kompyuta. Alifungua foleni ya maagizo ya kuchapisha, akayafuta mawaridi yote. Picha ikaanza kutoka: paji la uso, macho, tabasamu. Chini ya kidevu wino ukaisha. Karatasi ikamalizikia nyeupe.

Seremala akaipokea kwa mikono miwili. "Uso upo," alisema, akatoka.

"Nisamehe, shangazi," binti alilia. "Kesho tukipata wino, nitawapelekea watoto picha nzima."

"Utawapelekea. Lakini mama yao anazikwa leo." Shangazi akaketi. "Printa ilikuwa bado haijawashwa, mwanangu, lakini kompyuta ilikusikia. Kila ulipobonyeza, ilipokea agizo na kuliweka kwenye foleni. Printa ilipoamka, ikaanza na la kwanza. Marehemu akakaa nyuma ya maua yako. Kuizima printa hakukufuta foleni. Ukweli wako ungeifuta mapema."

Akamfuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Kubonyeza ovyo ni utoto, nimeshakusamehe. Lakini ungesema nilipouliza, wino wa lile waridi la mwisho ungemfikisha marehemu mpaka mabegani. Ukweli ukichelewa, mwanangu, hufika nusu."