Kigari cha Watoto Wawili

Kila asubuhi, baada ya chai na mkate wa siagi, Meerim alimfunga mdogo wake Adilet mkanda ndani ya kigari chake, akakisukuma hadi kwenye lifti na kushuka naye kutoka ghorofa ya saba. Shule yao ilikuwa na zamu mbili, na yeye alisoma zamu ya mchana. Kwa hiyo asubuhi ilikuwa yake na Adilet. Mama yao, Nazira, alibaki amejilaza ubavu, maana alikuwa mjamzito na miguu yake ilivimba kila siku.

Meerim alikuwa na miaka kumi na miwili. Adilet alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, mzito kama gunia la viazi, na wala hakuwa na haraka ya kutembea.

"Atembee kwa nini?" Bibi Kanyshai, mama yake baba, alizoea kusema. "Khan, mfalme, hatembei. Khan anapelekwa."

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, Meerim alimkuta rafiki yake Sezim nyuma ya mabanda ya magari, mahali njia inapoteremka kuelekea barabara kuu. Sezim alimtazama akija polepole, akacheka.

"Baba yako anaendesha basi la watu mia, na wewe unasukuma kigari kama bibi kizee anayetoka sokoni."

"Na wewe hujawahi kusukuma hata toroli," Meerim akajibu.

"Niko hapa nahesabu. Nionyeshe unavyofika chini."

Walimkalisha Adilet kwenye majani, wakampa biskuti. Meerim akapanda nyuma ya kigari kitupu, miguu yote miwili juu ya chuma cha magurudumu, akajiachia. Upepo ulimpiga usoni. Katikati ya mteremko aliona ukingo wa barabara unamjia mbio, akakanyaga breki kwa kisigino. Kitu kikalia chini yake, kikavu, kama mfupa wa kuku. Kigari kikagonga ukingo na kulala ubavu.

Yeye alichubuka kiwiko tu. Kigari kilionekana kizima. Lakini alipokanyaga tena kile kikanyagio cha breki, kilishuka vizuri, *tik*, kikakaa kidogo, kisha kikaanza kupanda chenyewe, taratibu, kama kope la mtu anayejifanya amelala. *Tik.* Magurudumu yakawa huru.

"Mwambie baba yako," Sezim akasema. Hakuwa anacheka tena. "Atafunga waya."

"Ataniuliza imevunjikaje."

"Sema imevunjika yenyewe."

"Baba anajua vyuma. Chuma hakijivunji."

Meerim aliokota nusu ya tofali karibu na mabanda, akaitia kwenye kikapu cha chini ya kigari. Tangu siku ile, kila aliposimama, alikanyaga breki kama kawaida kisha akainama haraka na kuweka tofali mbele ya gurudumu. Hakuna aliyemwona. Alijiambia kwamba kesho atasema. Kesho ikawa na kesho yake.

Wiki hiyohiyo, wakati wa chakula cha jioni, Mama aliweka kijiko chini na kusema, "Tunahitaji kigari cha watoto wawili. Mtoto akizaliwa mwezi wa Juni, Adilet atakuwa bado hatembei vizuri. Nitawapelekaje kliniki wawili peke yangu?"

Bibi Kanyshai akatikisa kichwa. "Hakinunuliwi kitu cha mtoto kabla mtoto hajafika. Ni kuita mabaya kwa jina lake. Mtoto mchanga atabebwa kifuani. Nyinyi mlibebwa, na hakuna aliyekufa."

"Mama, mgongo wangu si kama wako," Nazira akasema kwa upole.

Baba, Talant, alikuwa amekwenda kupima mlango wa lifti kwa kamba. Alirudi akiwa ameshika fundo kwa kidole. "Vile ambavyo watoto wanakaa bega kwa bega havipiti. Labda vile virefu, mmoja mbele na mmoja nyuma. Lakini hiki tulicho nacho bado kizima. Kwa nini tusikitumie mpaka Juni, halafu tuone?"

"Tununue," Meerim akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Tununue sasa. Hiki tukitupe."

Wote wakamtazama.

"Mbona una haraka hivyo?" Baba akauliza. "Kina kasoro gani?"

Hapo ndipo mlango wa kusema ukweli ulipokuwa wazi. Meerim aliuona, angeweza kupita. Alitazama supu yake, mafuta yakielea juu kama macho madogo.

"Hakina," akasema. "Kimechakaa tu."

"Basi kitangoja mpaka Juni," Baba akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Siku chache baadaye maji ya umwagiliaji yalifunguliwa, kama kila mwaka. Yalikuja kutoka milimani, ya rangi ya udongo na yenye povu, yakajaza mifereji yote ya mtaa. Mfereji mkubwa uliopita kando ya kibanda cha mkate ulikuwa na kina cha kufika kiunoni mwa mtu mzima, na ulinguruma mchana kutwa. Meerim alipopita pale na Adilet, aliona njiwa aliyekufa akizungushwa na maji, akavutwa chini ya daraja, asionekane tena. Tangu hapo alizunguka njia ndefu.

Mwezi wa Mei, Bibi Kanyshai alipata habari kwamba dada yake anaumwa katika mji wa Naryn. Alipokuwa akifunga mizigo, alikisafisha pia kigari kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu hakupenda kuacha uchafu nyuma yake. Meerim aliporudi kutoka shuleni alikuta kikapu cha chini ni kitupu.

"Bibi, humu mlikuwa na kitu."

"Tofali. Nimelitupa. Nani anatembeza mtoto na tofali?"

"Adilet alikuwa analichezea."

Bibi aliinua macho kutoka kwenye mizigo. "Mtoto anachezea tofali," akarudia polepole, kana kwamba anaonja maneno yale. Kisha teksi ikapiga honi chini, naye akambusu Meerim kwenye paji la uso na kwenda zake.

Kesho yake asubuhi mvua ilinyesha, hawakutoka. Adhuhuri, Meerim alipokuwa akivaa viatu vya shule, Mama alisema kutoka jikoni, "Leo nina miadi kliniki saa nane. Nitamchukua Adilet kwa kigari. Na mkate umekwisha, nitapita pale kibandani."

Mkono wa Meerim ulisimama juu ya kamba ya kiatu. "Kibanda cha kando ya mfereji?"

"Kwani kuna kingine?"

"Mama..."

"Nini, mwanangu?"

Mama alisimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, uso umechoka. Meerim alisikia maneno yamejipanga kooni. Lakini yangetoka yote pamoja: mteremko, tofali, supu, Bibi. "Tembea polepole," akasema, na kuondoka.

Darasani walikuwa na hesabu. Mwalimu Anara aliandika ubaoni, na Meerim alinakili tarakimu bila kuziona. Alikuwa akihesabu kitu kingine. Saa saba na nusu Mama anashuka kwa lifti. Anafika kibandani. Anageuka kutoa pesa mfukoni. Kikanyagio kinashuka, *tik*. Hapo alianza kuhesabu moja, mbili, tatu, na kila mara alipofika kumi aliona magurudumu yakiwa huru.

Akasimama bila kunyoosha mkono.

"Mwalimu, breki ya kigari cha mdogo wangu ni mbovu na Mama hajui. Mimi ndiye niliyeivunja."

Mwalimu Anara aliweka chaki chini. Alitoa simu yake, akapiga namba ambayo Meerim alimtajia. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Mama yako yuko wapi sasa?"

"Kwenye kibanda cha mkate, kando ya mfereji. Ni hapa karibu."

"Nenda. Mimi naendelea kupiga."

Meerim hakuchukua koti. Njia ilikuwa bado na matope ya mvua. Alipokata kona ya mwisho aliwaona: Mama amempa mgongo, anachagua mkate, na muuzaji, Bi Roza, amejiinamisha dirishani. Kigari kilikuwa hatua mbili nyuma ya Mama, kimeelekea chini, upande wa mfereji. Simu ilikuwa inalia ndani ya mkoba, na Mama aliinama kuitafuta.

Kigari kikasogea. Kilikwenda polepole sana mwanzoni, kama kinachofikiri.

"Mama, kigari!"

Mama aligeuka, akaona, akakimbia. Mjamzito wa miezi minane hakimbii mbali. Alipiga hatua tatu, mguu ukateleza kwenye tope, akaanguka kwa magoti na mikono. Kigari kilikuwa kimeshapata kasi. Adilet alikuwa anacheka, akidhani ni mchezo.

Meerim alikata mbele kupitia majani. Alisikia mfereji ukinguruma, na magurudumu ya mbele yakaacha ardhi. Akajitupa kifudifudi na kushika mpini. Uzito ulimvuta mpaka kifua chake kikafika ukingoni. Kigari kilining'inia, maji yakapiga miguu ya Adilet, kiatu kimoja kikachukuliwa. Sasa alikuwa analia. Mkanda ulimshika.

"Usiachie, binti, usiachie," sauti ilisema juu yake, na mikono minene yenye unga ikashika mpini pamoja naye. Alikuwa Bi Roza. Wakavuta wote wawili mpaka kigari kikarudi kwenye majani.

Mama alikuwa bado amepiga magoti njiani. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, macho yamefumbwa, na hilo lilimtisha Meerim kuliko maji.

Kliniki walimlaza Mama nyuma ya mlango mweupe. Meerim alikaa kwenye benchi la ukumbini, Adilet amelala mapajani pake akiwa na kiatu kimoja. Wauguzi waliingia na kutoka. Baba alifika akiwa bado na sare ya kazi. Alikaa kando yake, na kabla hajauliza, Meerim alianza kusema. Alisema yote tangu mteremko, hata lile tofali, hata uongo aliomwambia Bibi. Baba alisikiliza akitazama mikono yake mwenyewe.

"Kwa hiyo ile jioni," akasema mwishowe, "ulitaka tununue kipya ili kifunike cha zamani."

"Ndiyo, Baba."

Walingoja. Kivuli cha dirisha kilitembea sakafuni kutoka benchi moja hadi jingine. Mlango ulipofunguliwa, daktari alikuwa mwanamke mfupi, naye alivua miwani kabla ya kusema.

"Moyo wa mtoto unapiga vizuri. Mama abaki hapa siku mbili tumwangalie. Magoti yatapona."

Baba aliinamisha kichwa, mabega yake yakatikisika. Meerim hakuwahi kumwona hivyo.

Wiki moja baadaye, Mama akiwa nyumbani na Bibi amesharudi, walikaa tena kuzungumzia kigari. Kile cha zamani Baba alikuwa amekipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, baada ya kukivunja ili mtu mwingine asikiokote akamtia mtoto wake ndani. Meerim alijibanza karibu na mlango, tayari kuambiwa atoke.

"Kaa," Baba akasema. "Wewe ndiye uliyesukuma kila siku. Anza. Sema unachokijua, siyo unachokitaka."

Meerim alisogea mezani. "Kirefu kitapita kwenye lifti. Lakini kitakuwa kizito kupandisha ngazi za mlangoni, Mama hataweza peke yake. Na Adilet..." akasita, "Adilet anaweza kutembea. Nikimshika mkono anafika mpaka kwa akina Sezim. Ila mbali hawezi, anakaa chini."

"Khan amegunduliwa," Mama akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

Walizungumza muda mrefu. Mwisho waliamua kununua kirefu, kilichokwisha kutumika, kutoka kwa familia ya mtaa wa pili, na Baba angetengeneza ubao wa kupandishia kwenye ngazi. Bibi Kanyshai ndiye aliyewashangaza wote kwa kukubali.

"Niliogopa kuita mabaya," akasema. "Kumbe mabaya yalikuwa tayari humu ndani, yameegemezwa ukutani pale, na aliyejua ni mmoja tu. Na mimi nilishika lile tofali mkononi nikasikia uongo, nikaondoka kwa sababu teksi inangoja. Nami nina kosa langu."

Baba akamgeukia Meerim. "Kila asubuhi kabla sijatoa basi, naandika kwenye daftari kila kasoro niliyoiona. Fundi ananuna, mkuu ananuna, siku nyingine nakosa safari. Sikukasirikia breki, mwanangu. Vyuma huvunjika, na watoto hucheza. Lakini siku ile mezani tulidhani tunaamua, kumbe tulikuwa tunapiga ramli, kwa sababu ukweli ulikuwa kwako. Aibu ya kusema ingekuwa ya jioni moja. Umeona gharama ambayo kunyamaza kulitaka kutudai."

"Nimeona, Baba."

Kwa majuma kadhaa Mama hakumruhusu Meerim atoke peke yake na Adilet, na Meerim hakulalamika. Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Juni, msichana, wakamwita Aiperi. Siku ya kwanza ya kumtoa nje, Mama alisukuma mwenyewe mpaka chini ya miti, akasimama, akakanyaga breki, akashika mpini kwa muda mrefu. Kisha akasogea pembeni.

"Njoo ushike," akasema. "Ukiona lolote, niambie hapohapo, hata kama ni wewe uliyefanya."

Meerim akashika.