Ukuta Uliokataa Kukauka

Kiangazi kile kila kitu kilikauka, mpaka ng'ombe wakaanza kulamba mawe, lakini ukuta mmoja ndani ya nyumba ya Verediana ulibaki mbichi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, miti na udongo chini, bati juu, mwisho wa safu ya nyumba za madereva kwenye shamba la ngano la serikali, tambarare za Hanang. Shamba lilitoa bati na misumari. Kukandika na kupamba ilikuwa juu ya mwenye nyumba, na hapo ndipo Verediana alipowaonyesha watu kwamba wanawake wa Nambis, kijijini kwao, wana mikono. Chumba cha kulala alikimaliza kwa wiki moja: chini ukutani akapaka weusi wa unga wa betri za redio, katikati akapitisha mstari wa udongo mwekundu, juu akapiga chokaa iliyotiwa bluu ya kufulia. Viti vikavaa vitambaa vya kudarizi. Hata kalenda ya wataalamu wa Kanada wa pale shambani, yenye picha ya theluji ambayo hakuna aliyejua ni ya nini, ilipata msumari wake.

Ila moyo wake ulikuwa kwenye chumba cha pili. Kilikuwa chumba cha mtoto.

Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Ya kwanza iliharibika kule kwao, na kwa desturi za wazee akawekwa metimani: mwaka mzima anaishi peke yake, moto wake peke yake, kikombe chake hakishikwi na mtu, hata salamu anapigiwa kwa mbali. Alitoka huko mtu wa kushtuka na kushuku kila jambo, na nani angemlaumu? Alikuja tambarare kwa mume wake akiwa ameapa kwamba harudi tena upweke ule. Mtoto huyu lazima azaliwe, alie, alale kwenye chumba chake. Akawa anakipamba chumba kwa haraka, utadhani mtoto akikiona kiko tayari ataona aibu kutokuja.

Udongo wa chumba hicho aliuleta Alfredi, mume wake, dereva wa trekta. Magunia sita juu ya tela. Udongo mweusi, laini, usio na jiwe wala mzizi, kama uliokwisha kukandwa na mtu.

"Umeutoa wapi?" Verediana aliuliza.

"Korongoni."

Alijibu upesi mno, akaenda kunawa mikono. Akanawa muda mrefu. Verediana alilishika jibu lile, akaliweka.

Kuta tatu zilikauka kesho yake. Ukuta wa nne, ule wa upande wa mlima, ukakataa. Siku ya tatu mbichi. Siku ya tano ukiugusa, kidole kinazama.

"Labda kuna maji chini," alisema Alfredi, bila kuutazama.

"Maji? Huku kwetu, mwezi wa tisa?"

Alfredi akasema amechelewa kazini.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo Verediana hakumwambia mtu. Udongo ule ulinukia. Mjamzito na udongo, mnajua wenyewe. Kule Nambis wanawake huchimba wa kijivu pale kwenye chemchemi, wakautafuna wakicheka. Huku alikuwa amejinyima tangu mimba iingie. Siku ya pili ya kukandika alimega kipande kidogo, kiasi cha punje ya harage, akakiweka ulimini. Kilikuwa kitamu. Kesho yake akamega tena. Wiki ilipokwisha akawa anapiga magoti nyuma ya mlango kila asubuhi, akimega pale pale penye ubichi, akijiambia ni hamu tu, itapita. Na kila alipomega, kesho yake ukuta ulikuwa umejaa, hauna hata alama ya kucha.

Halafu chumba kikaanza kupangwa.

Siku hiyo alikuwa ameweka kitanda dirishani, mtoto apate jua la asubuhi, na ametundika pazia la maua. Akaenda kisimani. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimesogezwa hadi ukuta wa ndani. Pazia lilikuwa chini, limekunjwa vizuri. Katikati ya chumba palikuwa peupe, na kigoda chake cha jikoni kimewekwa pale, kikitazama mlango.

Akakirudisha kila kitu mahali pake. Kesho yake ikawa vilevile. Alipotundika picha ya Bikira Maria, akaikuta imelazwa juu ya pazia, kwa heshima kabisa, kama mtu aliyesema sina ubaya nayo ila si hapa.

Mtu wa kwanza kumshuku alikuwa jirani yake, Philomena, mke wa mtunza stoo. Philomena alilisifu lile pazia kupita kiasi. Verediana akamfuata uani kwake, akamkuta anapepeta ngano.

"Dada Philomena, shikamoo. Hivi umeingia kwangu jana?"

"Marahaba. Niingie kwako nitafute nini?" Philomena aliweka ungo chini. Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mdogo wangu, na mimi nilitaka kukuuliza. Usinichukie. Mchana ukienda kisimani, kwako kunanuka pombe ya asali. Na samli, ile wanayojipaka mwilini Wabarbaig, wafugaji wa huku. Nilifikiri Alfredi ana mwanamke wa Kibarbaig."

Verediana alihisi damu inampanda usoni. Basi ndiyo maana ya kunawa mikono! Ndiyo maana ya korongo! Mwanamke yuko ndani ya nyumba yake, kwenye chumba cha mwanawe, anajipangia vitu anavyotaka. Alirudi nyumbani na hasira, na hasira hiyo, niseme ukweli, ilimpa nafuu. Mwanamke ni mtu. Mtu anafukuzwa.

Kesho yake, mchana, alitandaza majivu sakafu nzima ya chumba cha pili, kuanzia kizingiti hadi ukutani, akayasawazisha kwa mkono. Akafunga dirisha. Akafunga mlango wa mbele kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani. Kisha akaenda kuketi uani kwa Philomena, macho hayabanduki mlangoni. Vumbi la trekta ya Alfredi lilionekana mbali, kitalu namba saba. Kwa hiyo yeye yuko kazini. Anayekuja, aje sasa aonekane.

Hakuna aliyekuja. Jua lilikuwa la utosi. Philomena alipepeta, akapepeta, halafu akaacha.

Ndani ya nyumba iliyofungwa mtu alikohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mzee, cha kusafisha koo kabla ya kusema neno. Kikafuata kishindo cha fimbo chini, tok, na kingine, tok, taratibu, halafu mkwaruzo wa miguu ya kitanda ukiburutwa.

"Huyo si mwanamke," Philomena alinong'ona.

"Nyamaza."

"Vere, usiende. Hilo ni jini. Usiende, una mtoto tumboni!"

Lakini alikwenda, na ni kwa sababu ya huyo mtoto alikwenda, akafungua kufuli, akapita chumba cha kulala chenye viti vyake vilivyovaa vitambaa, harufu ya asali na samli na zizi la ng'ombe ikimpokea usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa, akasukuma mlango wa chumba cha mtoto na kuona kwamba majivu ya kizingitini hayajaguswa, wala ya chini ya dirisha hayajaguswa, ila kutoka katikati ya ule ukuta mbichi zilianza nyayo za mtu mzima asiye na viatu, na pembeni yake tundu la fimbo, nyayo, tundu, nyayo, tundu, zikizunguka kitanda, zikipita kigodani, kisha zikielekea nyuma ya mlango, mahali anapojificha kila asubuhi, na hapo zikakoma bila kurudi.

Aliruka nje. Hakulia. Alikaa juani mpaka Alfredi aliporudi, na Alfredi alipomwona tu alivua kofia.

"Udongo umeutoa wapi?" Verediana aliuliza.

"Nilikwambia..."

"Alfredi. Nimeshazika mmoja. Udongo umeutoa wapi?"

Alfredi alichuchumaa, akaongea akitazama ardhi. Kitalu namba saba kulikuwa na kaburi la Wabarbaig, lile kubwa la mzee wa heshima, refu kuliko mtu, limepandishwa kwa tope. Msimamizi alisema lilimwe, mistari inyooke. Alilizunguka mara tatu, plau ikikataa kushuka. Mara ya nne ikashuka. Alipoona udongo unavyomiminika, mweusi, laini, akamkumbuka mke wake anayehangaika na chumba.

"Ulijua ni kaburi."

"Nilijua."

"Ukaniletea nimkandikie mtoto wangu."

"Nilitaka upate udongo mzuri," alisema Alfredi, na alikuwa anasema kweli, mjinga yule, machozi yakimtoka.

Hawakulala humo. Asubuhi Alfredi alitembea hadi maboma ya Wabarbaig ya Gehandu kuwatafuta wenye kaburi, akarudi saa tano na mzee Gidabuday, aliyevaa shuka nyeusi, akiswaga punda wawili. Verediana akamwamkia kwa kuinama. Mzee aliitikia, akaingia chumbani bila kuuliza ni kipi. Aliweka kiganja juu ya ukuta mbichi, akakaa hivyo muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Wanasema mmeingiwa na jini," alisema.

"Ndiyo, babu," Verediana alijibu. "Tusaidie. Mtoe."

"Si jini. Ni baba yangu. Huu udongo nimeukanda mimi na ndugu zangu, na samadi ya ng'ombe wake, miezi tisa. Kila tukipandisha, tunamwagia pombe ya asali. Nyie mmevunja nyumba yake, halafu mmemjengea nyingine. Sasa mnashangaa nini? Mtu anakaa pale amejengewa."

"Anataka nini?" aliuliza Alfredi.

"Udongo wake. Wote. Mwenyewe uliyeutoa ndiyo unarudisha. Hata kidogo kisibaki kwenu, maana pale kitabaki, ndiyo kwake."

Verediana alijifuta midomo kwa pindo la kanga.

Alfredi alibomoa kuta nne kwa jembe, akafagia sakafu, akakung'uta hadi magunia. Punda walikwenda na kurudi hadi jua likaanza kuinamia mlima. Chumba kikabaki fito na miti, mwanga ukipita. Harufu ilikwisha. Philomena, aliyekuwa akichungulia tangu asubuhi, alipumua kwa sauti, akasema Mungu mkubwa.

Na Verediana je? Alisimama akitazama kila koleo, na kila koleo lilimwambia sema. Lakini akisema, watamfanya nini? Alijua wanachofanywa wanawake wenye mikosi tumboni. Aliuona ule moto wa peke yake. Alikiona kikombe kisichoshikwa. Mtoto alikuwa anacheza vizuri, ana nguvu, hajawahi kucheza hivyo. Vipande vidogo vidogo vya udongo, nani atavihesabu? Akanyamaza.

Kule kitalu namba saba, walikoufuata wote mzigo wa mwisho, Gidabuday alikuwa ameupandisha udongo kwa mikono yake. Lilikuwa tuta dogo sasa, katikati ya mabua ya ngano. Akamwaga maziwa. Akamwaga pombe ya asali. Akasimama, fimbo mkononi, akisikiliza.

"Umerudi wote?" aliuliza.

"Wote," alisema Alfredi. "Nimefagia kwa kiganja."

"Mama, umerudi wote?"

"Umerudi wote, babu," alisema Verediana.

Mzee akasikiliza tena. Upepo ulipita kwenye mabua, ukatulia.

"Udongo umefika," alisema polepole. "Yeye hajafika."

Akageuka, akamtazama Verediana usoni. Kisha midomo, iliyokuwa na weusi kidogo pembeni usiotoka hata kwa maji. Kisha tumbo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwogofya Verediana kuliko yote. Yule mzee, mwenye wajukuu wasiohesabika, aliweka fimbo chini, akavua shuka kichwani, akamwendea na kupiga magoti mbele yake vumbini. Akainamisha kichwa mpaka karibu na tumbo, akasema maneno machache kwa lugha ya kwao, kwa sauti ndogo ya mtoto.

"Anasema nini?" Verediana alinong'ona. "Alfredi, anasema nini?"

Alfredi, aliyejifunza lugha hiyo kidogo mashambani, alikuwa amerudi nyuma hatua mbili.

"Anasalimia," alisema. "Anamsalimia baba yake."

Mtoto akajigeuza tumboni, mzito, bila haraka. Verediana alifungua kinywa amwambie mzee ainuke, asimwaibishe, yeye ni mjukuu wake tu. Akakohoa kwanza, kusafisha koo. Halafu, kwa sauti nzito ya mwanamume mzee, yeye ambaye hakujua hata neno moja la Kibarbaig, akaitikia salamu.