Mabawa ya Senene kwenye Paa la Gari

Kila Ijumaa jioni, Jovina alikuwa na kazi moja ambayo wenzake wa darasa la sita hawakuwa nayo. Gari la baba yake, Mzee Kahangwa, lilikuwa na dirisha kwenye paa. Jovina alilifungua, akafuta kwa kitambaa mfereji mdogo unaolizunguka, kisha akamimina kikombe cha maji. Maji yalipaswa kuingia kwenye vitundu vya pembeni, yapite ndani ya mipira myembamba na kudondoka chini karibu na magurudumu. Ilikuwa kazi ya dakika kumi tu, lakini Jovina aliichukia kupita kiasi.

Ijumaa moja ya Novemba senene, wale panzi wa kuliwa, walikuwa tele kwao Kitendaguro. Kesho yake dada yake, Edvina, angefunga ndoa Muleba, na mama alitaka aende kwa wakwe na kopo lililojaa. Jovina akapewa ndoo nzima anyonyoe mabawa na miguu. Kuku wa uani walipozidi kumwibia, akahamia garini. Alifungua dirisha la paa, akasimama juu ya kiti, akaweka sinia juu ya paa na kunyonyolea hapo hapo.

"Mfereji umeufuta?" baba akamuuliza baadaye.

"Ndiyo, Taata," alijibu bila haya, naye alikuwa hajaugusa.

Kesho yake mvua kubwa iliwakuta njiani, kabla ya kufika Kemondo. Edvina alikaa nyuma na gauni lake jeupe, Jovina pembeni yake. Gari lilipoanza kupanda mlima, maji ya kahawia yakachuruzika kutoka darini na kuangukia gauni. Edvina akasogea kushoto, maji yakamfuata. Jovina akakinga viganja. Vilijaa mara moja, vikamwagika kwenye gauni lile lile. Akatamani mvua ikome, nayo ikazidi. Edvina alikuwa analia bila sauti, na Jovina hakuwa na la kufanya. Kiganjani mwake lilibaki bawa moja la senene.

Kemondo, baba aliegesha chini ya paa la kituo cha mafuta, akaweka spika na kumpigia simu Burhani, fundi aliyelihudumia gari wiki ile.

"Burhani, umetuharibia harusi. Sikuletei gari tena, na wenzangu wote nitawaambia."

"Mzee, mimi nilibadilisha oili tu. Paa sikuligusa."

"Usinidanganye."

Aseme asiseme, doa lilikuwa limeshaingia. Lakini Burhani alikuwa anaharibiwa jina bure, na aliyejua hivyo ni Jovina peke yake.

"Taata, ni mimi," akasema. "Jana sikufuta. Nilinyonyolea senene pale juu."

Burhani, aliyesikia yote kwenye simu, ndiye aliyesema kwanza. "Basi mabawa yameziba mipira. Mzee, usichomeke waya, utatoboa mpira. Tafuta mshipi mnene wa kuvulia, uupenyeze polepole."

Duka la jirani lilikuwa nao. Jovina akaokota mabawa kwa vidole, baba akapenyeza mshipi, kisha wakamimina maji. Mara ya tatu yakadondoka karibu na gurudumu. Doa lilisuguliwa kwa sabuni, likafifia kidogo, lakini halikutoka.

"Mabawa yangetoka kwa kitambaa," baba akasema. "Ungeniambia jana kwamba hujafuta, tungefuta pamoja. Uongo wako umemlowesha dada yako, na umenifanya nimgombeze mtu asiye na kosa. Kazi usiyoifanya, sema hujaifanya. Sasa tumwombe radhi, wewe na mimi."

Jovina akaipokea simu kwa mikono miwili. Alimwambia Burhani yote.

Mlangoni pa kanisa hakuthubutu kumtazama dada yake. Edvina akamshika mkono, akauweka ubavuni mwa gauni.

"Shika hapa, palipo na doa," akasema. "Usiachie mpaka tufike mbele."

Jovina akashika, wakaingia.